Anayeaminiwa Zaidi Ndiye wa Kuulizwa Zaidi

Tarehe 25 Aprili 2018, Jaji Madhusudan Sharma alisoma hukumu ndani ya Gereza Kuu la Jodhpur, katika jimbo la Rajasthan nchini India, badala ya kuisomea kwenye jengo la mahakama. Polisi ndio walioomba iwe hivyo. Miezi minane kabla, katika jimbo jirani la Haryana, kiongozi mwingine wa kiroho, Gurmeet Ram Rahim Singh, alikuwa ametiwa hatiani kwa ubakaji. Wafuasi wake wakamwagika barabarani, wakachoma magari, na hadi utulivu uliporudi watu zaidi ya 30 walikuwa wamepoteza maisha. Sasa ilikuwa zamu ya Asaram Bapu, mzee wa miaka 77 mwenye ndevu nyeupe, ambaye kwa miongo mingi alikuwa amewahubiria maelfu kwa maelfu ya watu. Mahakama ilimkuta na hatia ya kumbaka msichana wa miaka 16, mwanafunzi wa shule iliyo chini ya ashramu (makao ya kiroho) yake mwenyewe, ikamhukumu kifungo cha maisha, yaani mpaka pumzi yake ya mwisho. Dola kubwa yenye majeshi na silaha za nyuklia ililazimika kuhamishia mahakama gerezani ili mtu mmoja asomewe hukumu yake kwa amani.

Tangu siku ile kuna swali linalorudi kila anapotajwa: iweje mtu aliyetenda mema mengi namna ile afanye uovu wa namna hii? Swali hilo naliona limesimama kichwa chini miguu juu. Linachukulia kwamba mema yanayojulikana ya mtu ni ushahidi dhidi ya maovu yake yasiyojulikana, kana kwamba sifa ni shahidi wa utetezi. Nikiifuata kesi ya Asaram hatua kwa hatua naona kinyume chake. Sifa zile ndizo zilizomfikishia msichana yule mlangoni. Wazazi ambao wangeweza kumtilia shaka mtu mwingine yeyote hawakumtilia shaka yeye. Kwa hiyo ninachoshikilia ni hiki: kadiri mtu anavyoaminiwa katika mambo ya roho, ndivyo anavyopaswa kuulizwa maswali mengi zaidi, mapema zaidi, na watu wasiomtegemea.

Alizaliwa mwaka 1941 huko Sindh, kwa jina la Asumal. Mwaka 1947 India ilipogawanywa na Sindh ikaangukia Pakistan, familia yake ilikuwa miongoni mwa mamilioni waliohama, ikafikia Ahmedabad, Gujarat. Akawa mwanafunzi wa guru, yaani mwalimu wa kiroho, aliyeitwa Lilashah, akapewa jina la Asaram, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akajenga kibanda huko Motera, kando ya mto Sabarmati. Kibanda kikawa ashramu, na ashramu moja ikazaa nyingine. Kufikia siku ya kukamatwa kwake zilikuwa zikitajwa kuwa zaidi ya 400, ndani na nje ya India, pamoja na shule, dawa za asili, majarida na ardhi. Wanasiasa wa vyama vyote viwili vikubwa, BJP na Congress, walipanda jukwaani kwake na kupiga picha naye, kwa sababu kila aliyekuwa na watu wengi kiasi kile alikuwa pia na kura. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa waliosifu walikuwa mawaziri, na kila aliyeinama mbele ya kiti chake alimwongezea mkulima wa kijijini sababu ya kutouliza.

Tazama sasa jinsi imani hiyo ilivyofanya kazi mwaka 2013. Msichana alitoka Shahjahanpur, Uttar Pradesh. Baba yake alikuwa mfuasi wa miaka mingi, na alikuwa amesaidia kujenga ashramu mjini kwao kwa mali yake. Alimpeleka binti kusoma Chhindwara, Madhya Pradesh, katika shule ya guru, kwa imani kwamba huko atalelewa vizuri kuliko popote. Agosti mwaka ule shule ikawaita wazazi: binti anaumwa, ameingiwa na pepo, na anayeweza kumtibu ni Bapu peke yake. Wakaelekezwa Manai, karibu na Jodhpur, ambako guru alikuwa akipumzika. Wakasafiri. Usiku wa tarehe 15 Agosti binti akaitwa chumbani, wazazi wake wakiwa palepale ashramuni, wakiomba dua kama walivyoagizwa. Ukizihesabu kamba zilizoishikilia familia hii utaona zote zilishikwa na mkono mmoja. Shule ilikuwa yake, matroni wa bweni alikuwa wake, maelezo ya ugonjwa yalikuwa ya watu wake, na tiba ilikuwa yake pia. Hapakuwa na mwalimu wa nje wala daktari wa nje wa kusema, ngoja kwanza, mtoto huyu ana homa ya kawaida. Mtu ni mwovu kiasi gani, au mwema kiasi gani, si jambo la kwanza katika mpangilio kama huo. Mpangilio wenyewe ulikuwa hatari hata kabla ya usiku ule.

Ni muhimu pia kuona kwamba waliozikata kamba hizo walikuwa waumini. Msichana alipowaeleza wazazi wake, walimwamini. Walisafiri hadi Delhi, ambako Asaram alikuwa na mkutano, baba akitaka kumkabili uso kwa uso. Aliposhindwa kumfikia wakaenda kituo cha polisi na kufungua shauri. Agosti ilipokuwa ikiisha, guru alikamatwa katika ashramu yake ya Indore. Kwa miaka takriban mitano familia ilivumilia vitisho na mahojiano ya mawakili maarufu, waliojaribu hata kuonyesha kwamba binti hakuwa mtoto kisheria. Baba huyu hakuwa adui wa dini, na hakuna aliyekuwa na sababu kubwa zaidi ya kutamani guru awe msafi kuliko yeye, aliyemkabidhi mali yake na mtoto wake. Ndiyo maana ushahidi wa familia hii una uzito kwangu kuliko wa mpinzani yeyote.

Sheria iliyomtia hatiani inastahili kuangaliwa kwa makini. Desemba 2012 mwanafunzi wa kike alibakwa na kundi la wanaume ndani ya basi jijini Delhi, akafariki kwa majeraha. India iliwaka kwa maandamano. Wiki chache baadaye Asaram aliwaambia wafuasi wake kwamba msichana yule naye alikuwa na sehemu ya lawama, kwamba angewaita washambuliaji ndugu zake na kuwasihi wangemwacha. Bunge lilikuwa na mawazo mengine. Mwaka 2013 sheria ya jinai ilirekebishwa, na miongoni mwa yaliyoingizwa ni kipengele kinachoongeza uzito wa kosa pale anayebaka ni mtu mwenye dhamana au mamlaka juu ya mwathirika: ndugu, mlezi, mwalimu, au mtu mwingine aliyeaminiwa. Kipengele hicho ni kimojawapo cha vile vilivyompa Asaram kifungo cha maisha. Wabunge wa India, katika majonzi yao, waliandika kwenye kitabu cha sheria jambo ambalo wafuasi wengi hawajataka kulikubali: kuaminiwa hakupunguzi kosa, kunalikuza.

Wafuasi wanaomtetea hadi leo husema ni njama. Husema alichukiwa kwa kupinga ubadilishaji wa dini na kwa kutetea utamaduni wa Kihindu, kwa hiyo maadui wa Uhindu wakamtafutia mwanamke. Hoja hii isidharauliwe, maana ni kweli kwamba kesi za kubuni zipo duniani na vyombo vya habari vilimsulubu kabla ya mahakama. Lakini njama inahitaji mwenyewe. Alipokamatwa, Rajasthan ilitawaliwa na Congress. Miezi michache baadaye ikaingia BJP, na hukumu ya 2018 ikatolewa chini ya BJP. Januari 2023 mahakama ya Gandhinagar, katika jimbo la Gujarat ambalo BJP imeliongoza kwa miongo, ikamtia hatiani tena, kwa kumbaka mara nyingi mwanafunzi wake wa zamani huko Motera, akapewa kifungo kingine cha maisha. Mwanawe, Narayan Sai, alikuwa ameshahukumiwa maisha na mahakama ya Surat mwaka 2019 kwa ubakaji wa mfuasi mwingine. Chama kinachojiita mlinzi wa Uhindu kilikuwa madarakani katika majimbo yote mawili hukumu hizo zilipotoka. Zaidi ya hayo, mahakama hizo hazikumkumba kila aliyeletwa mbele yao. Jodhpur iliwaachia huru wawili kati ya washtakiwa watano; Gandhinagar iliwaachia sita, akiwemo mke wa Asaram na binti yake. Mahakama iliyokusudia kuangamiza ukoo na jumuiya isingechambua ushahidi wa mtu mmoja mmoja namna hiyo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, kwa sababu inatoka kwa watu wanyofu. Wako waliomsikiliza wakaacha pombe, wakarudi kwa wake zao, wakaanza kuwaheshimu wazazi. Wanauliza: je, hayo nayo ni uongo? Hapana, ni kweli, na asiwepo wa kuwanyang'anya. Ila yule aliyeacha chupa aliiacha yeye, kwa nguvu aliyoipata ndani yake siku aliposikia neno jema. Neno jema halimtakasi msemaji, na maovu ya msemaji hayalifanyi neno kuwa baya. Mtu anaweza kubaki na kiasi, na sala, na heshima kwa mama yake, bila kulazimika kumwita msichana wa Shahjahanpur mwongo. Kinachonisikitisha ni kuona jinsi wengi walivyoambiwa kwamba vitu hivi viwili vimefungwa pamoja, kwamba akianguka guru basi na mabadiliko yao yameanguka. Huko ni kumfanya muumini mateka wa mwenendo wa mtu mwingine.

Kisha wapo wasemao kumhoji mtakatifu ni ugeni ulioletwa na mahakama za kizungu, na kwamba mapokeo ya India yanamtaka mwanafunzi ajisalimishe kabisa. Hao wanasoma nusu ya mapokeo yao. Huko Bengal, katika miaka ya 1880, kijana Narendra, aliyekuja kujulikana ulimwenguni kama Swami Vivekananda, alikwenda kwa Ramakrishna akiwa na mashaka tele. Inasimuliwa kwamba aliposikia mwalimu huyo hawezi kugusa fedha, alificha sarafu chini ya godoro lake kwa siri ili amwone. Ramakrishna hakukasirika alipogundua. Alifurahi kwamba kijana anamjaribu, akamhimiza aendelee. Masimulizi hayo yanaheshimiwa na mamilioni ya Wahindu. Mwalimu anayefurahia kupimwa yumo ndani ya dini hiyo, na anapendwa kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo anayedai mtihani ni matusi, yeye ndiye aliyejitenga na mapokeo.

Lipo jambo ambalo hoja za wafuasi hulipita haraka, nami siwezi kulipita hivyo. Mwaka 2014 daktari wa tiba za asili aliyewahi kumhudumia Asaram, kisha akawa shahidi, alipigwa risasi Rajkot akafa. Januari 2015 mpishi wake wa zamani aliuawa kwa risasi Muzaffarnagar. Julai mwaka huo huo shahidi mwingine aliuawa Shahjahanpur. Wengine walishambuliwa wakapona. Sidai kwamba mfungwa aliamuru hayo. Hukumu alizopewa ni za ubakaji, na haki inanitaka niishie hapo. Lakini swali la wafuasi, kwamba kama kulikuwa na maovu kwa nini hakuna aliyesema miaka yote ile, limejibiwa na makaburi hayo. Waliosema waliwindwa. Mmoja wa mashahidi walionusurika alikuwa miongoni mwa walioipeleka serikali Mahakama ya Juu ya India, na Desemba 2018 mahakama hiyo ikaidhinisha mpango wa kwanza wa kitaifa wa kulinda mashahidi. Faida hiyo sasa ni ya kila Mhindi anayesimama kizimbani kusema kweli dhidi ya mwenye nguvu, na imelipiwa kwa damu ya watu wa kawaida: mpishi, daktari, mfanyakazi.

Januari 2025 Mahakama ya Juu ilimpa Asaram dhamana ya muda kwa ajili ya matibabu, ikimzuia kukutana na wafuasi wake kwa makundi. Siupingi uamuzi huo. Mzee mgonjwa wa zaidi ya miaka 80 anastahili daktari, awe amefanya nini, na mahakama iliyomfunga kwa sheria haina aibu kumtibu kwa sheria. Ninachoshindwa kukipokea ni maua aliyolakiwa nayo alipotoka, wakati familia iliyomshtaki imeishi kwa miaka chini ya ulinzi wa polisi. Naamini waliobeba maua yale wana watoto, na baadhi ya watoto hao wako shuleni leo. Hao ndio ningetamani wakae waisome hukumu ya Jodhpur yote, taratibu, na waanze na ushahidi wa baba wa Shahjahanpur, ambaye kabla ya Agosti 2013 angekuwa kwenye mstari ule ule, na maua mkononi.