Kupiga na Kusafisha: Suala la Ukweli katika Picha ya Mandhari

Kiswahili kina vitenzi viwili kwa kazi ya mpiga picha wa filamu. Picha hupigwa, kisha husafishwa. Kitenzi cha kwanza kinadokeza tendo la ghafla. Cha pili kinadokeza subira ya chumba cha giza, ya dawa na maji. Lakini je, kusafisha ni kuondoa kinachofunika ili kilichokuwapo kionekane, au ni kuongeza kisichokuwapo? Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kuzingatia picha moja ya mashambani. Jibu lake linaihusu fasihi pia, kwani wahakiki husema kila siku kwamba mtunzi anasawiri maisha. Usawiri, taswira na sura ni maneno yenye shina moja la Kiarabu. Deni la ukweli alilo nalo mpiga picha si geni kwa mtunzi.

Picha inayohusika ni ya Mmarekani Ansel Adams (1902–1984), iitwayo Moonrise, Hernandez, New Mexico. Adams alikuwa akirejea Santa Fe kwa gari jioni moja alipokiona kijiji cha Hernandez: kanisa dogo, nyumba za udongo, na makaburi ambayo misalaba yake ilikuwa ikipata miali ya mwisho ya jua, huku mwezi umekwisha kupanda juu ya milima. Kamera yake ilikuwa ya ukoo mkongwe: sanduku kubwa lenye kutumia filamu bapa za inchi 8 kwa 10, lisilofaa kitu bila stendi ya miguu mitatu na kitambaa cheusi cha kujifunikia. Kipima-mwanga hakikuonekana. Akakumbuka kiasi cha mng'ao wa mwezi, mishumaa 250 kwa futi moja ya mraba, akafanya hesabu kichwani, akaufungua mlango wa lenzi kwa sekunde moja. Alipokigeuza kishikio cha filamu ili apige ya pili, jua lilikuwa limekwisha kuiacha misalaba. Maji yakimwagika hayazoleki. Ikabaki negativu moja tu.

Hapo ndipo kusafisha kulipoanza, nako kulidumu miaka mingi. Negativu ilikuwa ngumu kuchapa, kwani sehemu ya chini ilikuwa hafifu mno. Mwaka 1948 Adams aliitia dawa sehemu hiyo ili kuikoleza. Anga nalo, ambalo katika chapa isiyoguswa ni la kijivu lenye vijiwingu, alilitia giza kwa mkono wakati wa kuchapa. Kadiri miaka ilivyopita ndivyo lilivyozidi kukolea, hata likakaribia weusi mtupu katika chapa za baadaye. Jambo hilo hakulificha. Aliilinganisha negativu na muziki ulioandikwa, na chapa na upigaji wa muziki huo.

Mshtaki atasema: huu ni uongo, kwa kuwa anga la Hernandez halikuwa jeusi. Shtaka hili lina uzito, lakini linachukulia kwamba ipo chapa ya asili isiyo na mkono wa mtu. Haipo. Kichujio cha manjano kilichowekwa mbele ya lenzi kilikwisha kulififisha anga la buluu kabla filamu haijalipokea. Filamu yenyewe haikujua rangi. Sekunde moja ilichaguliwa. Nayo mahali pa kusimamisha stendi palichaguliwa. Anayedai picha isiyoguswa anadai hadithi isiyo na msimulizi.

Hata hivyo, haifuati kwamba kila kitu kinaruhusiwa. Adams hakuiweka vizuri kumbukumbu ya tarehe, na kwa miaka mingi picha ilitajwa kwa miaka tofauti. Hatimaye mwezi wenyewe ndio uliotoa ushahidi. Kwa kupima mahali ulipokuwa angani, Dennis di Cicco alikokotoa kwamba picha ilipigwa tarehe 1 Novemba 1941, kabla tu ya saa kumi na moja jioni. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1991. Mtu alisahau, picha ikakumbuka. Giza lote lililoongezwa katika chumba cha kuchapia halikuusogeza mwezi hata unywele mmoja. Basi katika picha hii mna mambo mawili: kile ambacho mwanga ulikiandika, na kile ambacho mkono ulikitamka. Uaminifu wa msanii umo katika kutolidai la mkono kuwa ni la mwanga.

Lipo shtaka jingine zito zaidi, nalo halitokani na chumba cha giza. Hernandez ni kijiji cha watu, lakini katika picha haonekani mtu hata mmoja. Wafu wao tu ndio wanaong'aa. Mpiga picha alikaa muda mfupi akaenda zake, na jina la kijiji likawa jina la mwezi wake. Msomaji wa Kenya ana sababu ya kusita hapa, kwa maana anaijua historia ya macho yaliyoitazama nchi inayokaliwa yakaiona tupu, na utupu huo ukawa hoja ya kuitwaa. Adams hakutwaa shamba la mtu. Lakini uzuri wa mandhari isiyo na watu unaweza kumzoeza mtazamaji asiwaulizie. Kosa hilo halirekebishwi kwa chapa isiyoguswa. Chapa ya kijivu ingekuwa tupu vilevile.

Neno mandhari latokana na shina lenye maana ya kutazama, na ndugu zake ni nadhari na nadharia. Katika uhakiki wa fasihi, mandhari mara nyingi hutajwa upesi kama pahali pa kuwaweka wahusika, kisha huachwa. Picha hii yafundisha kwamba mandhari ni msimamo wa mtazamaji kabla ya kuwa mahali. Kamera kongwe, iliyotoa nafasi moja tu mbele ya mwanga usiosubiri, ilimlazimu mwenye nayo kuamua kabla ya kupiga. Kamera za leo hutoa mamia ya nafasi, na uamuzi huahirishwa, haufutiki. Apigaye picha, sawa na aandikaye, atadaiwa maswali mawili: mkono wako umeongeza nini, na jicho lako limemwacha nani? Swali la kwanza Adams alilijibu waziwazi. La pili bado limesimama pale makaburini Hernandez, nalo lamngoja kila atazamaye.