Hiari ya Mlaji

Kula ni haja ya kila kiumbe, lakini kufikiri kabla ya kula ni jambo la mwanadamu. Mbuzi naye hubagua majani, ila pua yake humwamulia. Hajiulizi kama jani hili ni halali, kama bei yake yatosha fedha alizo nazo, wala kama mwenziwe aliye kando yake atapata sehemu. Mwanadamu hujiuliza maswali hayo kila anapoona njaa, na katika majibu yake tabia yake hudhihirika. Kwa sababu hiyo, mtu anayejitolea kumjibia mwingine maswali ya namna hiyo amejitwika mzigo mkubwa kuliko anavyodhani.

Msomaji, yamkini wewe utakuwa mmoja wa watu hao. Siku hizi kijana mwenye bidii na kompyuta moja aweza kuunda programu ya simu ya mkononi ambayo humwambia mlaji mkahawa wa kwenda na chakula cha kuagiza, kwa kadiri ya tabia yake mwenyewe. Namna ya kuiunda si siri kubwa. Programu humwuliza mlaji mambo machache: hupenda nini, hukatazwa nini, yuko wapi, ana fedha kiasi gani. Kisha hukumbuka kila alichokiagiza na kila alichokipita. Tena humlinganisha na walaji wengine: ikiwa wewe na mtu usiyemjua mmependa biriani, mishikaki na mkate wa mofa, naye amependa pia samaki wa kupaka, basi utaonyeshwa samaki wa kupaka. Hila hii ilielezwa mwaka 1992 na watafiti wa Xerox huko Palo Alto, Marekani. Wao hawakuwa na shida ya chakula. Walikuwa wamezidiwa na barua za kompyuta, wakatafuta njia ya kuzichuja kwa msaada wa maoni ya wasomaji wenzao. Chujio lile la barua sasa limefika mezani.

Sitaki kuidharau kazi hii. Mgeni anayeshuka Mombasa kwa mara ya kwanza hajui ni mlango upi wenye wali wa nazi mzuri. Mwislamu hutaka yakini ya halali. Mtu ambaye njugu humdhuru hutaka yakini ya uhai wake, maana kwa baadhi ya watu njugu kidogo zilizosagwa katika mchuzi zaweza kuziba pumzi. Na mwanafunzi mwenye shilingi 150 hutaka kujua mahali ambapo hataaibika wakati wa kulipa. Programu inayowahudumia watu hawa kwa uaminifu ni rafiki yao. Swali letu huanza pale rafiki anapogeuka kuwa mlezi.

Tazama kwanza habari ya mnavu, mboga ambayo katika masoko ya Nairobi huitwa managu, na Waluo huiita osuga. Una uchungu wake. Nilipouonja utotoni niliuchukia, na kama mama yangu angalikuwa mashine, angaliandika katika daftari lake kwamba mtoto huyu hapendi mnavu, nami nisingaliuona tena. Mama aliurudisha wiki iliyofuata. Aliupika kwa maziwa, akala mwenyewe mbele yangu bila ya kusema neno. Sikumbuki siku nilipoanza kuupenda. Najua tu kwamba leo nikiukosa kwa muda mrefu huenda kuutafuta. Ulimi hufundishwa kama mkono unavyofundishwa kuandika, na mara nyingi mafunzo huanza kwa jambo lisilopendeza. Programu inayompa mlaji kile tu alichokipenda jana humfanya mfungwa wa jana yake. Kifungo hicho ni kitamu, ndiyo sababu mfungwa halalamiki. Mvulana aliyeagiza chipsi mara kumi ataonyeshwa chipsi mara ya kumi na moja, naye ataona kwamba amechagua. Si uongo, amechagua. Lakini amechagua katika chumba ambacho kila siku kuta zake husogea ndani kidogo.

Hata hivyo mnavu ni jambo jepesi. Liko zito zaidi. Fikiri mzee wa Mji wa Kale, Mombasa, mwenye ugonjwa wa kisukari. Tangu ujana wake amefungua kinywa kwa mahamri, mbaazi za nazi, na chai ya maziwa yenye sukari nyingi. Binti yake afanyaye kazi Nairobi amemwekea programu yako katika simu, na kwa mapenzi aliyo nayo kwa baba yake amekuomba jambo moja: mahamri yasionekane. Mzee akifungua simu aone mikahawa ya mtaani, aone samaki wa kuchoma na mboga za majani, na mahali pa mahamri pawe patupu, kana kwamba katika mtaa ule mzima hakuna mwanamke aliyekanda unga tangu usiku. Utafanya nini?

Wengi watajibu upesi kwamba afya ni bora kuliko mahamri. Ni kweli, wala mzee hakatai. Lakini hilo silo swali. Kufunga mlango ni jambo moja, na kuupaka mlango rangi ya ukuta ili mtu asijue kwamba upo ni jambo jingine. Aliyefungiwa mlango aweza kubisha, kuomba, kugombana, hata kukubali na kumshukuru aliyeufunga. Aliyefichwa mlango hana la kufanya, kwa kuwa hajui hata kwamba alikuwa na jambo la kuamua. Mzee huyo hakuacha mahamri. Ameachishwa, kama mtoto anavyoachishwa ziwa, naye ni baba wa watu.

Utaniambia kwamba mkewe naye huficha sukari kabatini kwa mapenzi yale yale. Kweli huficha. Lakini mzee anamjua mkewe, na kabati analijua, na asubuhi moja watateta juu ya kijiko kimoja cha sukari mpaka mmoja wao acheke. Programu haitetiwi. Haina uso wa kutazamwa unapoiuliza kwa nini. Kwa hiyo naona mahamri yaonyeshwe, na kando yake liandikwe neno la kweli, kwa herufi zinazosomeka na macho ya mzee: chakula hiki kina unga mweupe na sukari, nawe umetuambia una kisukari. Kisha aamue. Na ikiwa siku moja akili yake imetulia, akaiamuru programu mwenyewe isimwonyeshe mahamri tena, basi iyafiche bila shaka, maana hapo hiari yake ndiyo iliyosema. Ila ufunguo wa kuyafunua ukae mkononi mwake, si mkononi mwa binti wala mwako. Nakiri kwamba jawabu hili lina gharama. Yamkini mzee atakula mahamri manne na kuugua, na binti atakulaumu kwa machozi. Sina dawa ya lawama hiyo. Nalipima jawabu langu kila mara ninapolikumbuka, na bado sijaliona jingine lililo bora.

Sasa uliza nani amlipaye mshauri huyu. Mshenga mwaminifu hutumwa na upande mmoja, na kila mtu hujua ni upande gani. Programu ya chakula aghalabu hula pande mbili: mlaji huitumia bure au kwa ada ndogo, na mwenye mkahawa hukatwa sehemu ya bei ya chakula. Sehemu hiyo yaweza kuwa kubwa. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, miji ya San Francisco na New York ililazimika kuweka kikomo cha 15 kwa mia juu ya ada ambayo mikahawa ilitozwa kwa kupelekewa wateja chakula. Tena mkahawa unaolipa zaidi waweza kupandishwa juu ya orodha. Hakuna aibu katika kutangaza biashara. Aibu ipo katika kuandika maneno "tumekuchagulia wewe" juu ya kitu kilichochaguliwa na mfuko wa mtu mwingine. Na mama wa kibandani, auzaye chapati na maharagwe kwa bei ambayo kila mtu huimudu, hana wa kumlipia nafasi katika orodha ile. Ataachwa nje, ingawa huenda ndiye mpishi bora wa mtaa.

Chakula nacho ni msemaji. Hesabu ya milo ya mtu kwa mwezi mmoja hueleza dini yake, maradhi yake, siku alizofunga, na juma ambalo mshahara wake ulikwisha. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huhesabu imani na hali ya afya miongoni mwa habari nyeti za mtu. Mzee alikueleza ugonjwa wake ili umsaidie kupata mlo; hakukueleza ili kampuni ya bima ijue.

Utakapokaa kuichora programu yako, ningekuomba uweke mahali padogo chini ya orodha, ambapo mlaji akibonyeza ataona vyote vilivyo karibu naye bila ya kupangwa kwa tabia yake: vya ghali na vya rahisi, alivyovipenda na alivyovikataa, na kama yawezekana kibanda cha yule mama. Wengi hawatapabonyeza. Pawepo tu. Huenda mvulana wetu, saa saba mchana, amechoka na chipsi, akapabonyeza na kuona mnavu.