Je, Mgeni Aweza Kusema "Kwetu"?

Mnamo Novemba 1937 lilianza kutoka mjini Dar es Salaam gazeti moja dogo, jina lake Kwetu. Mwenye gazeti alikuwa Bwana Erica Fiah, Mganda. Alifika nchi hii kwa ajili ya vita vya 1914 hadi 1918, na baadaye akafanya maskani yake Dar es Salaam, akafungua duka. Mwaka 1934 alianzisha pamoja na wenzake chama cha kuwasaidia Waafrika katika biashara na maisha yao. Magazeti ya Kiswahili ya siku zile yalikuwa ya Serikali, kama Mambo Leo lililoanza 1923, au ya misioni. Hili lilikuwa la Mwafrika mwenyewe, nalo lilinena juu ya mishahara, shule, na dharau waliyotendewa watu weusi.

Jina ndilo linalotufikirisha. Mtu wa Buganda apata wapi ruhusa ya kuiita nchi ya Wazaramo "kwetu"? Hata leo, mwulize mchuuzi wa soko la Kariakoo, "Kwenu wapi?" Mara nyingi hatajibu Kariakoo; atakutajia kijiji cha babu yake.

Wako wasemao kwamba mgeni hula alichopewa, akanyamaza. Lakini wazee walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi aliyepewa jembe, akalima, azuiwe asiseme kwamba shamba lina magugu? Sisi twaona haifai. Tena mji wenyewe ni wa watu waliokuja. Sultani Majid wa Unguja alianza kuujenga katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Na Kariakoo ilipata jina kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza, waliopiga kambi pale baada ya mji kutekwa mwaka 1916. (Jina lile la kigeni tumelitafuna hata limekuwa letu.)

Hata hivyo hatutaki kumsafisha kupita kiasi. Alishindana na viongozi wa African Association, chama kilichoundwa 1929, kana kwamba wasemaji wa Waafrika hawawezi kuwa wawili. Hapo ndipo penye hatari: asemaye "kwetu" aweza kusahau kwamba ndani ya neno hilo wamo wengine. Nasi tuandikao "sisi" katika kurasa hizi twalijua jaribu hilo.

Ni nani, basi, wa kumpima? Twadhani ni msomaji aliyetoa senti zake, akasoma habari za mshahara kama wake, akasema, "Ni kweli," pasipo kuuliza mwandishi alizaliwa wapi.