Bwana wa Darasa Ni Nani?

Msomaji, ukiambiwa kuwa palikuwa na chuo ambamo mwalimu alimcha mwanafunzi, huenda ukacheka. Chuo hicho ni kile cha mji wa Bologna, Italia, ambacho mapokeo huhesabu mwanzo wake tangu mwaka 1088. Hakikuwa na majengo yake. Jumba lake rasmi lilikamilika mwaka 1563. Kabla ya hapo chuo kilikuwa ni watu.

Wanafunzi wa sheria, wengi wao wageni kutoka ng'ambo ya milima ya Alpi, walifanya umoja, wakawaajiri walimu wao. Kwa kanuni zao za mwaka 1317, mwalimu hakuweza kukosa hata siku moja bila ya idhini. Akitaka kutoka mjini aliweka fedha kuwa dhamana ya kurudi. Alianza kengele ilipolia, akakoma ilipolia tena, wala hakuruhusiwa kuruka sura. Akikosa wasikilizaji watano alitozwa faini kana kwamba hakufika.

Je, hiyo ilikuwa haki? Katika habari ya kengele, naam. Aliyelipa hudai kipimo kamili. Lakini wasikilizaji watano! Yako masomo mazito ambayo watu watatu tu huyastahimili, na pengine ndiyo bora. Mgonjwa aweza kumdai mganga aje mapema. Hawezi kumwamuru dawa iwe tamu.

Hata hivyo, mabwana wale hawakujitahini wenyewe. Mtihani na shahada waliwaachia walimu.