Anayebonyeza na Anayekuja

Huko New Zealand, wengi wanaoingia kwenye safu ya milima ya Southern Alps hubeba bikoni, kidude cha kuenea kiganjani. Ukifikwa na balaa unakunjua antena yake, unatafuta mahali palipo wazi kuelekea angani, unabonyeza. Mawimbi ya megahezi 406 yanadakwa na setelaiti, yanashushwa hadi kituo cha uokoaji, na mtu wa zamu anaona namba ya kifaa na jina la mwenyewe.

Zaidi ya hapo na mahali ulipo, haoni mengi. Bikoni ya kawaida haisemi kama umevunjika mguu, umepotea au umechoka tu. Kwa hiyo analazimika kuamini kwamba roho iko hatarini, na rubani anarusha helikopta kwenye pepo za mabondeni kwa ajili ya mtu asiyemjua, ambaye hata neno hajatamka.

Ndiyo maana wapo wanaolalamika kwamba kifaa hiki kinawapa watu jeuri ya kwenda wasikostahili. Si uongo. Ila mimi naliogopa zaidi kosa la upande wa pili: mtu amelala na mguu uliovunjika, bikoni iko begini, naye anangoja kukuche kwa sababu anaona haya kusumbua watu. Kunakucha na ukungu, na ukungu ukitanda helikopta haisogei. Ni haya ileile ya mzee anayeugulia kimya usiku kucha ili asiwaamshe wajukuu.

Hao waokoaji wajao wamekubali kusumbuliwa tangu zamani. Mfumo wenyewe, Cospas-Sarsat, ulitokana na makubaliano ya mwaka 1979 kati ya Umoja wa Kisovieti, Marekani, Kanada na Ufaransa, wakati wakubwa wawili kati yao wameelekezeana makombora. Septemba 1982 ndege ndogo ilianguka British Columbia, Kanada; setelaiti ya Kisovieti ndiyo iliyonasa ishara yake, na watu watatu wakaokolewa. Ishara haikuulizwa ni ya upande gani.

Kinachobaki juu ya mbebaji ni kuaga. Kilimanjaro huruhusiwi kupanda bila mwongozaji, basi walau yupo anayejua ulipo. Kule New Zealand mtu anaweza kwenda peke yake. Bikoni inasajiliwa pamoja na namba za ndugu, na ishara ikiingia, hao ndio wanaopigiwa simu: amepita njia ipi, yuko na nani, alitarajiwa lini? Ndugu ambaye hakuagwa atajibu nini? Vibanda vya milimani vina daftari la kuandika jina na njia, lakini daftari halipokei simu.

Kwa hiyo ukiandika namba ya mama, mwambie na bonde utakalopita. Atakuuliza kuna nini huko hadi ulifuate. Mtu wa zamu hatakuuliza hilo. Mama ana haki ya kujibiwa kabla hujafunga begi.