Mafundi Ndani ya Seli, na Neno Nililomwambia Mwenzangu



Ndugu zangu katika imani, muhula uliopita mwenzangu wa chumba alirudi kutoka kwao na habari kwamba mama yake ana saratani ya titi. Mimi, msoma Masomo ya Kiislamu, nikamjibu upesi: "Vumilia dada, hiyo ni kafara ya madhambi yake." Akanyamaza. Siku tatu hatukuzungumza ila salamu.

Nilidhani nimemfariji. Hadithi ya kwamba maradhi, hata mchomo wa mwiba, humfutia Muislamu makosa ni sahihi. Lakini Mtume (S.A.W.) aliisema kumliwaza mgonjwa, nami nikaigeuza hukumu juu ya mama nisiyejua amali zake. Nabii Ayyub (A.S.) aliugua kwa dhambi gani?

Basi nikamwendea dada mmoja anayesomea udaktari. Akanieleza kwamba karibu kila seli ina DNA, uzi ambao ukinyooshwa hufika kama mita 2. Uzi huo huharibika maelfu ya mara kila siku kwa jua, kwa moshi wa sigara, hata kwa maji na oksijeni vya seli yenyewe. Allah ameweka humo mafundi, yaani vimeng'enya. Palipounguzwa na jua hukata uzi pande mbili za kasoro, huondoa kipande cha herufi zipatazo 30, kisha hujaza pengo kwa kunakili uzi wa pili ulio mzima. Aliyeichora ramani ya kazi hiyo ni Aziz Sancar, mzaliwa wa Savur, Uturuki, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015 pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich. Uharibifu ukizidi, protini iitwayo p53 huizuia seli isigawanyike, au huifanya ife. Subhanallah! (Sisemi kuna aya iliyotabiri haya. Tumezoea mno kuilazimisha Qur'ani itamke kila kinachogunduliwa maabara.)

Nyuzi zote mbili zikikatika pamoja, kazi ni ngumu zaidi, na hapo huhitajika jeni za BRCA1 na BRCA2. Wapo wanaozaliwa na nakala moja mbovu ya jeni hizo, waliyoirithi kwa baba au kwa mama. Si wote wanaougua, ila hatari yao ya saratani ya titi na ya ovari ni kubwa kuliko ya wengine.

Hapo nikakumbuka: bibi yake mwenzangu alifariki kwa ugonjwa huohuo, na mama yake mdogo pia. Huenda ni urithi. Mtoto aliye tumboni ametenda dhambi gani?

Nilimwomba msamaha baada ya Alasiri, pale pale msikitini. Akalia, nami nikalia. Kisha nikamkumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) ametufundisha kila ugonjwa una dawa, nikamwuliza kama yeye na dada zake wameshachunguzwa. Hawakuwa wamefanya hivyo. Waliogopa watu watasema nini.

Jumatatu tunakwenda hospitali pamoja. Mama yake yuko kwenye matibabu. Naomba dua zenu.