Je, Utoto Waweza Kununuliwa?

Liko jambo huko Uingereza lipasalo kufikiriwa. Watu waliokuwa watoto katika miaka ya 1980 huzitafuta kompyuta walizochezea zamani, huzinunua na kuzipanga nyumbani mwao. Mojawapo ipendwayo sana ni ZX Spectrum, iliyotolewa mwaka 1982 na kampuni ya Clive Sinclair mjini Cambridge. Ni kitu kidogo cheusi chenye vitufe vya mpira, nacho kiliuzwa kwa pauni 125 au 175. Ile ya bei kubwa ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 48 tu. Picha moja ya simu ya leo haienei humo. Iliungwa na televisheni ya nyumbani, na mchezo ulisomwa katika kanda ya kaseti kwa dakika kadhaa, pamoja na kelele kali.

Basi twauliza: Anunuaye kitu hiki leo atafuta nini? Mashine yenye nguvu zaidi anayo mfukoni. Atafuta siku zile, sebule ya wazazi, na ndugu aliyeketi kando yake. Lakini siku haziuzwi. Utando ulio chini ya vitufe hukauka ukapasuka. Kompyuta nyingine za miaka ile zimegeuka manjano, na wenyewe huzipaka dawa zipate rangi yake ya kwanza. Lakini mpakaji hawezi kurudishiwa miaka yake.

Je, kutamani hivyo ni upumbavu? Hatusemi hivyo. Kukumbuka mema tuliyotendewa ni shukrani. Ila na tuangalie mema hayo yalikuwa nini. Spectrum ilipowashwa ilingoja amri. Mtoto aliandika mwenyewe mistari ya lugha ya BASIC, akakosea, akasahihisha, hata mashine ikamtii. Urithi wake ndio huo, kupewa nafasi ya kujaribu.

Kwa hiyo mtu akiifungia kabatini na kumwambia mwanawe, “Usiguse,” amehifadhi mpira na plastiki, na urithi wenyewe ameuzuia. Katika jumba la historia ya kompyuta mjini Cambridge wageni huruhusiwa kuzitumia mashine za kale kwa mikono yao, nasi twaona ni vema. Kitu kishikwacho huweza kuharibika, ni kweli. Lakini utoto wetu hatuwezi kuupata tena. Twaweza tu kuwapa wengine yale tuliyopewa. Kila atunzaye kitu cha zamani na ajiulize: Chamfungulia mtoto mlango, au chamfungia?